Alamu Ikilia Kila Dakika, Hakuna Anayeisikia

Kila darasa lina grupu la WhatsApp ambalo nusu ya wanachama wamelinyamazisha. Si kwamba halina habari muhimu; humo ndimo CR anamotangaza kuwa test imehamishwa. Limenyamazishwa kwa sababu tangazo moja la maana linakuja na msafara wa stika, salamu za asubuhi na jamaa anayeuza jiko la gesi. Siku test inapohamishwa kweli, tangazo limefika kwenye simu yako salama salimini, na wewe hujaliona. Malipo yake ni sup.

Viwandani ugonjwa huu upo, ila malipo yake si sup. Wanaokwenda PT msimu huu kutoka umeme, mawasiliano, kompyuta na uhandisi wa mitambo watakutana nao kwenye chumba cha udhibiti: skrini imejaa mistari myekundu, na mwendeshaji anakunywa chai. Ukimuuliza atakujibu, "Hizo za kawaida, usijali." Hajawa mvivu. Amefundishwa na mtambo wenyewe kutojali. Wahenga walishasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Makala hii inaeleza alamu za vifaa vya mtandao wa viwandani zinavyopangwa: kizingiti kiwekwe wapi, kitu gani kiichochee ilie, na ikilia iende wapi. Jambo la kushika ni hili: alamu ni wito wa kazi. Ikilia, lazima awepo mtu wa kuisikia, liwepo jambo la yeye kufanya, na uwepo muda wa kulifanya. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, hiyo ni kelele tu.

Mtandao wa kiwandani una nini cha pekee?

Swichi iliyoko maktaba ikizima, utakasirika kidogo halafu utawasha bando lako. Swichi iliyoko kwenye kituo cha kupoza umeme, mtambo wa kusafisha maji au kiwanda cha saruji inabeba mazungumzo ya mashine kwa mashine. Kihisi kinaiambia PLC, ile kompyuta ndogo inayoongoza mtambo, kwamba tangi limejaa. PLC inaiambia pampu isimame. Mazungumzo hayo yakikatika au yakichelewa, maji hayajui kwamba mtandao uko chini. Yanaendelea kupanda.

Mfano mmoja unatosha. Tarehe 19 Agosti 2006, kwenye kituo cha nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama nchini Marekani, pampu mbili zinazozungusha maji kwenye kinu namba 3 zilisimama. Waendeshaji wakalazimika kukizima kinu kwa mkono. Uchunguzi ulionyesha kwamba vidhibiti vya kasi ya pampu hizo vilizidiwa na wingi wa pakiti kwenye mtandao wa ndani wa kituo, vikaacha kuitikia. Yaani mtandao ulipiga kelele mpaka mashine zikapoteza fahamu. Tangu hapo, ukisikia mtu anasema "hiyo ni alamu ya mtandao tu, haihusu uzalishaji", mkumbushe Alabama.

Alamu ina viungo vitano

Ukifungua ukurasa wa mipangilio wa swichi ya kiwandani, utakuta maneno mengi, lakini yote yanarudi kwenye viungo vitano: kinachopimwa, kizingiti, muda, pengo la kunyamaza, na kitendo. Tuvipitie kwa mfano wa joto, maana joto kila mtu analijua.

Chukulia swichi iliyofungwa ndani ya kabati la chuma kando ya nyumba ya pampu, Dar es Salaam, mwezi Januari. Swichi nyingi za aina hii zimetengenezwa kustahimili mazingira ya kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi nyuzi 75 za Selsiasi, na ndani yake kuna kipimajoto. Watu wengi hukaa mezani na kubuni: "Weka 60, ni namba nzuri." Namba nzuri haibuniwi, inapimwa. Iache swichi ikusanye vipimo wiki mbili, mchana na usiku, siku za kazi na siku mtambo umelala. Tuseme umekuta usiku inasoma 48 na saa nane mchana inapanda hadi 61. Ukiweka kizingiti kwenye 60, umejitengenezea alamu inayokuja kila mchana kukuambia kuwa leo kuna jua. Wiki ya kwanza fundi atatoka kwenda kuangalia. Wiki ya tatu hatatoka. Siku feni ya kabati itakapokufa kweli, ujumbe utakaokuja ni uleule wa kila siku, na atakuwa kwenye chai.

Kwa vipimo hivyo, onyo la nyuzi 68 lina maana. Siku ya kawaida haifiki hapo, na bado kuna nafasi ya kufanya kitu kabla kifaa hakijaumia. Kikomo cha juu kabisa kisome kwenye kitabu cha kifaa chenyewe, kwa sababu kipimajoto cha ndani ya swichi hakisomi joto lilelile la hewa ya kabati.

Sasa tuje kwenye pengo la kunyamaza. Joto halipandi kama lifti. Linasitasita: 68, 67, 68, 67. Kama swichi inapima kila sekunde 30, na kiwango cha kulia ndicho hichohicho cha kunyamaza, kwa saa moja inaweza kupiga alamu 60 na kuzifuta 60, kwa tatizo moja. Dawa ni kutenganisha viwango hivyo viwili: ilie ikifika 68, isinyamaze mpaka joto lishuke hadi 63. Wataalamu wanaliita pengo hili histeresisi. Kanuni za RMON, zilizoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na zinazotumika kwenye swichi nyingi mpaka leo, zina vizingiti viwili kwa sababu hiyohiyo: cha kupanda na cha kushuka. Alamu ikishalia kwa kupanda, hailii tena mpaka kipimo kiguse kwanza kile cha kushuka.

Kiungo cha muda nacho kinafanana na hicho. Kebo ikitikiswa na mtetemo wa mashine, kiungo kinaweza kupotea nusu sekunde na kurudi. Ukiiambia swichi isubiri sekunde chache kabla ya kulia, umeondoa kelele nyingi. Lakini ucheleweshaji si pipi za kugawa kila mahali. Kila sekunde unayoichelewesha alamu unaitoa kwenye muda wa yule anayepaswa kuitikia.

Vihesabio havirudi nyuma

Joto linapanda na kushuka, lakini vipimo vingi vya mtandao ni vihesabio: pakiti zilizopita, pakiti zilizoharibika, baiti zilizoingia. Hivi vinaongezeka tu. Poti yenye makosa 5,000 inaweza kuwa mbovu sana, au inaweza kuwa imeyakusanya kidogo kidogo kwa miaka miwili. Ukiweka kizingiti cha 1,000 kwenye jumla, alamu italia siku moja na haitafutika tena. Unachotakiwa kupima ni tofauti: yameongezeka makosa mangapi ndani ya dakika tano? Kwenye mipangilio utaulizwa uchague kati ya thamani nzima na badiliko. Kwa joto chagua thamani nzima, kwa makosa chagua badiliko. Ni mstari mmoja tu, na unaamua kama alamu yako ina akili au haina.

Kuna mtego mwingine hapo. Kihesabio cha biti 32 kinachohesabu baiti kinajaa kikifika kama bilioni 4.29, kisha kinaanza upya sifuri. Poti ya gigabiti 1 kwa sekunde ikiwa imejaa inapitisha baiti milioni 125 kila sekunde. Piga hesabu mwenyewe: kihesabio kinajaa kwa sekunde 34 hivi. Ukikisoma kila dakika tano, kimeshazunguka zaidi ya mara nane na namba unayoiona haina maana yoyote. Ndiyo maana kwenye viungo vya kasi tunatumia vihesabio vya biti 64.

Kwa tatizo la aina ya Browns Ferry, kinachopimwa ni wingi wa pakiti, hasa zile zinazotangazwa kwa kila kifaa kwenye mtandao. Hapa pia unaanza kwa kupima hali ya kawaida. Tuseme poti inaona pakiti za matangazo 20 kwa sekunde, na kilele cha wiki nzima ni 60. Kizingiti cha 300 kiko mbali na siku ya kawaida, lakini kiko karibu vya kutosha kushika dhoruba ikianza.

Kitendo ndicho chenye uzito zaidi. Swichi inaweza kutoa taarifa tu, inaweza kuzitupa pakiti zilizozidi, au inaweza kuifunga poti kabisa. Kufunga poti kunauokoa mtandao, ila kama nyuma ya poti hiyo kuna PLC inayoongoza tanuri, umeuokoa mtandao na kuliacha tanuri gizani. Uamuzi huo haufanywi na mtu wa kompyuta peke yake. Anakaa na mhandisi wa mtambo, wanaulizana: kifaa hiki kikipoteza mtandao kwa dakika moja, kitasimama salama au kitaendelea kwa upofu?

Alamu ya thamani kubwa ni ile ya akiba iliyoliwa

Mitandao ya viwandani hufungwa kwa mduara. Kebo ikikatwa sehemu moja, data inageuka na kupita upande wa pili, mara nyingi ndani ya chini ya nusu sekunde. Uzalishaji hausimami, taa haizimiki, hakuna anayelalamika. Na hapo ndipo hatari ilipo. Mduara umeshakuwa mstari, na akiba yako yote imeliwa bila mtu kujua. Ikija panya au shoka la pili, nusu ya kiwanda inatoweka kwenye skrini.

Vivyo hivyo kwa swichi yenye njia mbili za umeme: moja ikifa, kifaa kinaendelea kama kawaida. Alamu ya mduara kufunguka na ya njia moja ya umeme kupotea hazina kizingiti cha namba. Ni ndiyo au hapana. Ziwashe, na uzipe hadhi ya juu kuliko macho yanavyoona, kwa sababu zinakuja wakati bado kuna nafasi ya kutengeneza mchana, kwa utulivu, bila bosi kusimama nyuma yako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe utaujenga saa tisa usiku.

Faiba nayo inatoa onyo la mapema ukiisikiliza. Vipokezi vingi vya kisasa hupima nguvu ya mwanga unaoingia, kwa kipimo cha dBm. Kila inaposhuka dB 3, mwanga umebaki nusu. Tuseme siku ya kufunga ulisoma -8 dBm, na kipokezi kinahitaji angalau -20. Onyo kwenye -12 litakuambia kwamba umebaki na kama asilimia 40 ya mwanga wa mwanzo: kuna kiunganishi kichafu, au kebo imepindwa. Kiungo bado kinafanya kazi na data haipotei, na una muda wa kwenda kukisafisha. Alamu kali iweke karibu na -17. Ukisubiri -20, utapata taarifa pamoja na msiba.

Ikilia, inakwenda wapi?

Njia za kupeleka alamu ni tatu, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni kumbukumbu ya matukio, ile orodha ya kila kilichotokea pamoja na saa yake. Hii ni daftari, haimwamshi mtu. Mambo mengi yanastahili kuishia hapa. Nani aliingia, poti gani iliwashwa, kompyuta gani ya ofisini imezimwa jioni: yaandikwe, yasilie.

Ya pili ni ujumbe wa SNMP unaokwenda kwenye kompyuta ya usimamizi. Aina ya kawaida, inayoitwa trapu, inatumwa bila kusubiri jibu, sawa na kusukuma barua chini ya mlango na kuondoka. Ipo aina nyingine inayosubiri mpokeaji akiri kwamba amepata, na kwa mambo mazito ni afadhali hiyo. Kumbuka pia jambo linalosahaulika: ujumbe wa kueleza kwamba kiungo kimekatika hauwezi kupita kwenye kiungo hichohicho kilichokatika. Lazima uwe na njia nyingine.

Njia hiyo nyingine mara nyingi ni ya tatu, rilei. Swichi nyingi za kiwandani zina vituo viwili vya skrubu ambavyo swichi inavifunga au kuvifungua kama swichi ya taa, na hapo unaunganisha taa nyekundu, king'ora au mlango wa PLC. Haitegemei mtandao hata kidogo. Kanuni yake ni kuipanga ishikiliwe na umeme wakati kila kitu kiko salama, ijiachie panapokuwa na tatizo. Kwa mpango huo, hata swichi yenyewe ikikatika umeme kabisa, rilei inajiachia na taa inawaka. Ukiipanga kinyume, kifaa kilichokufa kitaonekana kizima. Na taa hiyo iwe na chanzo chake cha umeme. Ikitegemea umeme wa swichi, zitakufa pamoja.

Kila kitu kikiwa cha dharura

Jumapili ya tarehe 24 Julai 1994, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales, kililipuka. Asubuhi radi ilikuwa imeivuruga mitambo, na kwa saa kadhaa waendeshaji wakawa wanahangaika kuirejesha. Vali moja ilikuwa imefungwa, wakati skrini ilionyesha iko wazi. Katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, waendeshaji wawili walipokea alamu 275, yaani moja kila sekunde mbili na nusu hivi. Watu 26 waliumia. Uchunguzi wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza ulikuta pia kwamba kati ya alamu 2,040 zilizopangwa, asilimia 87 zilikuwa na hadhi ya juu.

Fikiria hilo kidogo. Waliozipanga hawakuwa wajinga. Kila mmoja alipofika kwenye kifaa chake alisema hiki ni muhimu, akaweka "juu". Kila uamuzi ukiutazama peke yake una mantiki. Vikijumlishwa, mwendeshaji habakiwi na njia ya kujua aanze na kipi.

Mwaka 1999 chama cha Uingereza cha watumiaji wa mitambo, EEMUA, kilitoa mwongozo namba 191, ambao umekuwa kama msahafu wa kazi hii. Unapendekeza kwamba katika hali ya kawaida mwendeshaji mmoja apate wastani usiozidi alamu moja kwa dakika 10. Kwa hadhi, takriban asilimia 5 ziwe za juu, 15 za kati, 80 za chini. Pima kiwanda utakachokwenda kwa kipimo hicho, kimya kimya, usije ukamuudhi mwenyeji wako siku ya kwanza.

Ukimya si afya

Kuna kosa la upande wa pili. Tarehe 14 Agosti 2003, kwenye kampuni ya umeme ya FirstEnergy, jimbo la Ohio, programu ya alamu iliganda muda mfupi baada ya saa 8:14 mchana. Haikusema kwamba imeganda. Skrini zilikuwa shwari, na kwa zaidi ya saa moja waendeshaji hawakujua kwamba hawana alamu. Wakati huohuo laini kubwa za umeme zilikuwa zinagusa miti na kukatika moja baada ya nyingine. Jioni hiyo watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada hawakuwa na umeme.

Kwa hiyo mfumo wa alamu nao unahitaji kuangaliwa. Weka mapigo ya moyo: kila dakika swichi itume ujumbe mfupi wa "nipo", na kompyuta ya usimamizi ilie ikiukosa mara tatu mfululizo. Na ujaribu kwa mikono. Kwa ruhusa na mbele ya mwenye mtambo, chomoa njia moja ya umeme, fungua mduara, kisha hesabu sekunde mpaka taa iwake na simu ya fundi wa zamu iite. Alamu ambayo haijawahi kujaribiwa bado ni tetesi.

Ukifika PT

Usiguse mpangilio wowote bila ruhusa ya maandishi. Wewe ni mgeni, na namba inayoonekana ya ajabu inaweza kuwa na historia yake. Unachoweza kufanya, na kikakupa ripoti nzuri kuliko za kudesa, ni kuchukua alamu kumi zinazolia zaidi kwa wiki na kuandika kwa kila moja mambo manne: inapima nini, kizingiti chake kilitoka wapi, kwenye vipimo au kichwani, ikilia, nani anafanya nini, na ana muda gani kabla mambo hayajaharibika.

Alamu ambayo swali la tatu halina jibu, pendekeza ishushwe iwe ya kuandikwa daftarini tu. Yenye jibu lakini isiyo na muda, pendekeza kizingiti chake kirudishwe nyuma kidogo ili muda upatikane. Mara nyingi utakuta alamu mbili au tatu tu ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya kelele zote, na kuzirekebisha ni kazi ya asubuhi moja. Baada ya hapo, kitu kikilia, yule mwendeshaji ataweka kikombe cha chai mezani na kugeuka kutazama. Ukifika hapo, umefanya kazi ya uhandisi.